Namba ndefu chini ya profoma kutoka India: ninavyoisoma kabla bosi hajalipa

Nipo duka la spea za bodaboda na bajaji, Kariakoo. Profoma, yaani ankara za awali, zote za India zinapitia kwangu, nami ndiye wa kumwambia bosi alipe au asubiri. Zamani nilikimbilia bei. Siku hizi jicho linaanzia chini kabisa ya karatasi, kwenye maandishi madogo, penye mstari wa CIN, namba ya utambulisho ya kampuni.

Sheria ya Kampuni ya India ya 2013 inaitaka kila kampuni iandike namba hiyo kwenye barua na ankara zake. Jumla ni herufi na tarakimu 21, na ukijua pa kukata utajua kampuni inamilikiwa kwa namna gani, inafanya nini, na ina umri gani. Chukua ya Bajaj Auto, wenye Boxer zilizojaa kila kijiwe: L65993PN2007PLC130076.

L maana yake hisa zinauzwa soko la hisa. Zisipouzwa huko, utakuta U. Tarakimu tano zinazofuata ni shughuli, herufi mbili ni jimbo, halafu mwaka wa kusajiliwa, halafu herufi tatu za umiliki. Sita za mwisho ni namba ya daftari, zipite tu.

Mimi hukaa zaidi kwenye zile tatu. PTC ni kampuni binafsi. Wauzaji wetu wengi wako hapo, baba na wanawe na mpwa mmoja wa mahesabu. PLC inaruhusiwa kuuzia hisa watu wa nje. GOI ni mali ya serikali kuu, SGC ya serikali ya jimbo, FTC ni kampuni binafsi iliyo tanzu ya kampuni ya kigeni, na OPC ni ya mtu mmoja peke yake. Usishangae kukuta L na GOI pamoja: NTPC, wazalishaji wa umeme, ni L40101DL1975GOI007966, kwa kuwa serikali imeshika hisa nyingi na zilizobaki zinauzwa sokoni.

OPC ilishatuumiza. Muuzaji mmoja wa cheni na pleti za klachi alijiita kiwanda "tangu 1987". Tulishatuma theluthi ya hela ndipo nikasoma namba yake: mwaka 2021, OPC, na shughuli inaanza na 51, yaani biashara ya jumla. Kiwanda hakuna, ni dalali. Cheni zilipofika, maboksi yalikuwa na jina la watu wengine kabisa.

Lakini usimhukumu mtu haraka, maana namba nayo ina vituko. Rudi kwa Bajaj. 65 ni mambo ya fedha, na 2007 ni juzi tu, utadhani ni wakopeshaji wapya. Ukweli ni kwamba mizizi yao ni ya 1945. Kampuni ya zamani ilipogawanywa, biashara ya pikipiki ikahamishiwa kampuni iliyosajiliwa 2007 kwa ajili ya uwekezaji, na namba ikabaki hivyo hivyo. Hata PN ni Pune, wakati jimbo lenyewe, Maharashtra, huandikwa MH. Reliance wana 17110, ya nguo walikoanzia, ingawa leo ni mafuta na simu. ONGC, shirika la mafuta na gesi la serikali lililoanza kama tume, inasoma 1993, mwaka ilipogeuzwa kampuni. Tume yenyewe ilikuwepo tangu 1956. Maruti Suzuki, watengeneza magari, ni PLC, wakati zaidi ya nusu ni ya Suzuki wa Japani. Kwa hiyo umri usipolingana na maneno ya muuzaji, mwulize kwanza. Mwenye historia ya kweli atakueleza bila kukasirika.

Ukishasoma, ingiza namba kwenye daftari la wizara yao, mca.gov.in, uone kama kampuni ipo hai au imefutwa.

Na asiye na CIN? Wapo wengi, ni maduka ya mtu au ya ubia. Hapo nageukia GSTIN, namba ya kodi yenye herufi na tarakimu 15. Mbili za mwanzo ni jimbo: 24 Gujarat, 27 Maharashtra, 07 Delhi. Hesabu mpaka ya sita: C ni kampuni, F ni ubia, P ni mtu binafsi. Ya juzi kutoka Ludhiana ilianza na 03, Punjab kweli, na ya sita ilikuwa P. Nikamwambia bosi tuanze na katoni mbili.