Umeumia kwenye majaribio ya dawa? Namna ya kudai matibabu na fidia

Somo hili ni la aliyejitolea mwili wake kwa utafiti, akaumia, sasa anazungushwa.

Hatua ya 1: Tibiwa kwanza. Piga namba iliyo kwenye fomu ya ridhaa, ile uliyosaini kukubali kushiriki, hata usiku wa manane. Ukipelekwa hospitali nyingine, waambie uko kwenye majaribio. Usifiche dalili kwa kuogopa kutolewa.

Hatua ya 2: Andika siku hiyo hiyo. "Nimemeza saa 2 asubuhi. Saa 3 na nusu mikono imeanza kutetemeka." Mistari miwili kama hiyo ina uzito, maana ubishi utakuja hapa: ni dawa iliyokuumiza, au ugonjwa uliokuwa nao? Tunza risiti na picha.

Hatua ya 3: Isome fomu upya, sehemu ya madhara. Hapa usiwe na haraka. "Utapatiwa matibabu" si sawa na "mdhamini (kampuni au taasisi inayoendesha utafiti) atalipia matibabu". Na fidia ni kitu kingine tena: ni ya kipato kilichopotea na ulemavu uliobaki. Nauli uliyokuwa ukipewa haihesabiki.

Azimio la Helsinki, tamko la Chama cha Madaktari Duniani kuhusu maadili ya utafiti, linataka anayeumia kwa sababu ya utafiti atibiwe na kufidiwa ipasavyo. Mwongozo wa 2016 wa CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi za tiba, unasema matibabu yawe ya bure. Sheria za nchi, hata hivyo, hazilingani: Ufaransa inamlazimisha mdhamini kuwa na bima, ilhali Marekani haina sheria ya shirikisho inayomlazimisha kulipa. Naona hilo ni kosa kubwa. Anayebeba hatari kwa faida ya wengine asiachiwe bili.

Uliza pia bima ni ya nani, maana kampuni inaweza kufilisika kabla hujalipwa. Mwaka 2006 jijini London, wanaume sita wenye afya walipewa dawa ya majaribio iitwayo TGN1412, na ndani ya saa chache walikuwa mahututi. Kampuni ya TeGenero iliyoitengeneza ilifilisika mwaka huo huo.

Hatua ya 4: Peleka barua kwa mtafiti mkuu, nakala kwa kamati ya maadili, ile iliyoidhinisha utafiti. Kamati hailipi, ila inaweza kusimamisha utafiti. Ukiletewa karatasi ya "malipo ya mwisho", usiisaini kabla wakili hajaisoma.

Maswali yanayoulizwa

*Nilisaini kwamba nimezielewa hatari zote. Bado nina haki?*
Ndiyo. Ulikubali kuingia ukijua hatari, hukukubali kutelekezwa. CIOMS inakataza mshiriki kuombwa aachie haki ya kudai.

*Nilikuwa kundi la kidonge kisicho na dawa. Naweza kudai?*
Kama umeumizwa na utafiti wenyewe, dai. Sindano ya kutolea damu huumiza, na kuachishwa dawa zako za zamani pia.

*Mama alifariki akiwa kwenye majaribio. Sisi watoto tufanyeje?*
Pole sana, ndugu yangu. Kifo kikithibitika kimetokana na utafiti, waliomtegemea wanastahili fidia kwa mwongozo huo huo wa CIOMS. Ombeni kwa maandishi nakala ya fomu yake na taarifa ya kifo iliyopelekwa kwenye kamati ya maadili. Mkinyimwa, mwombeni anayewanyima aandike sababu.