Somo: Mboga bila DAP, na matandazo ya vibanzi vya mbao

Tuelewane mapema: vibanzi si mbolea ya haraka. Kazi yake ni kufunika, udongo usikauke Januari na Februari, magugu yakose mwanga, na mvua ya Aprili isitoroke na udongo wa juu. Kulisha mboga ni kazi ya samadi na mboji. Anayeacha mbolea za dukani kama DAP na CAN kisha akamwaga vibanzi peke yake atavuna sukuma ya kusikitisha.

1. Tafuta vibanzi. Wanaopogoa miti mitaani husaga matawi na mara nyingi hawana pa kumwaga. Jakaranda na mgrivelia ni sawa kabisa. Ukikosa, chukua maranda kwa mafundi wa Ngong Road, Nairobi, lakini uliza kwanza kama mbao ilitiwa dawa. Ile ya kijanikijani huwa na shaba, kromiamu na aseniki, waachie. Vumbi la msumeno nalo hushikana likazuia maji.

2. Lisha udongo. Tia mkono ndani ya rundo la samadi: ikiwa bado ina moto au inanuka mkojo, haijaiva, itaunguza miche. Iliyoiva, ndoo ya lita 20 inatosha mita mbili za mraba. Ukiona tithonia kando ya barabara, ile yenye maua ya manjano, katakata majani yake uchanganye humo. Yana naitrojeni nyingi, kirutubisho cha kukuza majani, na ni ya bure.

3. Panda, mwagilia, ndipo ufunike. Sentimita 5 kwa mboga, hadi 10 kwa mparachichi. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, lisije likaoza. Dania na karoti zisubiri ziote kwanza.

4. Usichimbie vibanzi ndani. Hapa ndipo wengi huharibu. Vijidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji naitrojeni, na visipoipata kwenye mbao huinyonya kwenye udongo. Vibanzi vikikaa juu, hasara inaishia pale vinapogusana na udongo. Ukivilima ndani, mizizi inanyang'anywa chakula.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi niko Embakasi, udongo ni ule mweusi wa kupasuka. Nitie mchanga?*
Hapana, mama, utapoteza pesa. Inua tuta maji yasituame, tia mboji, funika. Ukifunikwa haupasuki sana.

*Vibanzi havitaniletea mchwa ndani ya nyumba?*
Mchwa wa Nairobi hawangoji mwaliko. Acha nusu mita tupu kati ya vibanzi na ukuta, na usiviegemeze kwenye fremu za mlango.

*Nimepewa lori zima la mkaratusi. Nikatae?*
Pokea! Virundike, vilowe mvua miezi kadhaa. Vikiwa vibichi weka njiani tu, maana vinaweza kudumaza miche.

*Nilishalima maranda ndani, sasa sukuma ni njano kuanzia majani ya chini.*
Hiyo ni njaa ya naitrojeni, dada. Loweka samadi ya kuku kwa maji, zimua mpaka ifanane na chai ya rangi, kisha mwagia udongoni, si kwenye majani. Msimu ujao panda kunde hapo, zina uwezo wa kujitafutia naitrojeni hewani. Sukuma ihamishie tuta lingine.