Windsor kwa siku moja: angalia siku kwanza

Kama uko London na una siku moja ya kutembea, nenda Windsor, mji wenye kasri la kifalme, lakini chagua siku vizuri. Jumanne na Jumatano kasri huwa limefungwa kwa wageni. Jumapili liko wazi, ila Kanisa la Mtakatifu George lililo ndani yake, alikozikwa Malkia Elizabeth II mwaka 2022, ni la ibada tu. Mimi nilikwenda Jumapili, nikaishia kulitazama kanisa kwa nje. Alhamisi au Ijumaa ndiyo mpango.

Treni ya moja kwa moja inatoka kituo cha Waterloo, London, karibu saa nzima. Ya kituo cha Paddington ina kasi zaidi, ila unabadilisha treni Slough.

Vaa viatu vya kutembea: Long Walk, ile njia iliyonyooka kutoka kasri mpaka sanamu ya Mfalme George III akiwa juu ya farasi, inapita kilomita 4, kwenda tu. Na usiishie kwenye maduka ya zawadi, shuka mpaka mto Thames. Vuka daraja la waenda kwa miguu, tayari uko Eton, mji wa ng'ambo. Pale ukingoni bata maji weupe wamejaa. Fungua tu mfuko wa mkate, wameshakuzingira.