Mtoto unayemfundisha nyumbani anasoma taratibu sana? Anza kwa kujua anakwama wapi

Kwanza kabisa weka saa pembeni. Najua ukikaa na mtoto wa miaka 7 ambaye mstari mmoja unamla dakika tatu nzima, na mwalimu ni wewe na mzazi ni wewe, moyo unadunda, unaanza kuwaza labda nimemchelewesha mwenyewe, halafu bila kujijua unamharakisha, "haya endelea bwana, hili neno si tulilisoma jana?" na yeye akishaisikia hiyo sauti anaacha kuangalia kitabu anaanza kukuangalia wewe usoni abahatishe jibu. Nilifanya hivi miezi mingi na wangu na naumia nikikumbuka. Kasi haifundishwi kwa kuhimiza, inakuja pale mtoto anapokuwa hahangaiki tena na herufi, kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujua anahangaika na kitu gani hasa.

Fanya hivi. Chukua hadithi ambayo hajawahi kuisoma, kipande cha maneno kama 100, mwambie asome huku unamrekodi na simu, usimsahihishe kitu. Akishalala, kaa na hicho kitabu usikilize taratibu, kila alipokosea weka alama kwa penseli. Kama makosa hayazidi matano kitabu kinafaa kumfundishia, yakizidi kumi kiweke kabatini kwanza. Wazazi wengi tunakwama hapa hapa, tunadhani mtoto ndo mzito kumbe kitabu ndo kizito, tumemchagulia kwa umri wake wakati tulitakiwa kumchagulia kwa pale alipofikia, na raha ya kumfundisha nyumbani ni kwamba hakuna darasa linalomsubiri, ukirudi nyuma vitabu viwili hakuna atakayemcheka.

Sasa sikiliza anakwama wapi. Kuna anayekwama kwenye silabi zenyewe. Ba be bi bo bu anapita vizuri, ila akikutana na mb, nd, ny, mw, kw, au ile "ngwa" ya kwenye mchungwa, anasimama. Huyu mtengenezee kadi ndogo, silabi mpya tatu tu kwa siku changanya na za zamani, dakika 5 basi. Mwekee ngoma na ng'ombe pamoja asikie tofauti yake, maana kale kaalama ka juu watoto wengi hawajui kana kazi gani. Na kama amezoea kutaja majina ya herufi kwanza, "em, a, ma", muachishe pole pole, aone ma aseme ma, ile safari ya kutaja ndo inayomchelewesha.

Mwingine silabi anazijua zote lakini maneno marefu yanammaliza, na kwa Kiswahili hili ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana neno letu moja linabeba sentensi nzima. Mtoto anasoma ha-tu-ku-wa-o-na, kafika kwenye "na" kashasahau "ha", sasa maana ataitoa wapi? Huyu usimrudishe kwenye herufi, mfundishe kuona vipande. Andika "soma" katikati ya karatasi, kisha andika vichwa kwenye vikaratasi vidogo: ana, wali, tuta, hatuku, nime. Abandike kimoja kimoja mbele ya soma, asome, aseme maana yake, halafu badilisha, weka cheza, weka lala. Akishazoea kuona "hatuku" kama kitu kimoja, kwenye kitabu macho yake yanaikamata mara moja na zinabaki silabi chache tu za kupambana nazo. Mimi hili ndo lilimsaidia wangu kuliko yote, tulicheza hivyo kila siku kabla ya kufungua kitabu, na nilijua limeingia siku alipoanza kujitungia vichwa vyake mwenyewe.

Halafu yupo anayesoma maneno yote sawa ila moja moja kama anahesabu mawe. Dawa yake ni kurudia. Kipande kile kile cha maneno 50 hadi 100, mara tatu au nne: mara ya kwanza soma wewe kwa sauti ya kawaida yeye afuatishe na kidole, ya pili someni wote kwa pamoja, ya tatu asome peke yake, na akitaka ya nne asomee hata mwanasesere. Usiogope kwamba atakuwa amekariri, mradi macho yake yawe kwenye maneno na sio juu kwenye dari.

Akikwama kwenye neno hesabu kimya kimya mpaka tano kabla hujamsaidia, na ukimsaidia mpe silabi ya mwanzo tu. Akikosea muache amalize sentensi, kisha muulize "hapa umeelewaje?" mara nyingi anajirekebisha mwenyewe. Ila usimwambie aangalie picha abahatishe, hiyo tabia ikishaingia kuitoa ni kazi. Dakika 10 au 15 asubuhi na zingine jioni zinatosha, saa nzima mfululizo inamfanya achukie kitabu.

Kingine ambacho sisi wa kufundisha nyumbani tunakisahau, kusoma taratibu kusimfungie masomo mengine. Swali la hesabu msomee wewe, yeye afikirie jibu. Sayansi msomee, muongee. Na kila siku msomee hadithi ngumu kuliko anazoweza kusoma mwenyewe, masikio yake yako mbele sana ya macho yake, na maneno anayoyasikia leo ndo atayatambua haraka akiyakuta kwenye kitabu baadaye.

Mapema kabisa mpeleke apimwe macho na masikio, usisubiri, kuna mtoto anasogeza kitabu puani kila siku na sisi tunaona ni mazoea tu. Na kama mmefanya haya kwa miezi kadhaa bila kuruka ruka na bado silabi alizojua jana leo hazijui, anachanganya b na d hata baada ya miaka 7, vina vya nyimbo havisikii, na kwenye ukoo kuna mtu aliyehangaika na kusoma, tafuta mtaalamu amwangalie kama ana disleksia, yaani ule ugumu wa kuunganisha herufi na sauti zake unaofanya kusoma kuwe kazi. Haina uhusiano na akili, wala haiponi kwa kuchapwa au kwa miwani ya rangi, inataka kufundishwa sauti na silabi kwa mpangilio na kwa kurudia zaidi kuliko wenzake. Ukienda usiende mikono mitupu, kila mwezi uwe unamrekodi kama ile siku ya kwanza na kuandika tarehe, ubebe hizo rekodi pamoja na kadi anazokwama, maana akifika mbele ya mtu mgeni huenda asifungue mdomo kabisa.