Pasta na pedi za joto kwa laptopu: unene kwanza, namba ya pakiti baadaye

Kila mwaka Lubumbashi inapoingia mwezi wa kumi, mafundi tunapokea laptopu zinazojizima zenyewe. Vumbi jekundu la kiangazi limeshajaa kwenye feni, mvua bado haijashika, joto la mji ndiyo limefika juu kabisa. Mteja anaweka mashine mezani na kusema: "Fundi, niwekee ile pasta ya nguvu." Pasta ni rojo linalopakwa kati ya chipu na kipozeo, ile shaba inayoondoa joto; pedi ni kipande laini kinachofanya kazi hiyo juu ya chipu nyingine. Nguvu anayoitaka ni namba ya W/mK iliyoandikwa kwenye pakiti, yaani kiwango cha kupitisha joto. Mimi namba hiyo huiangalia mwisho, na hapa chini utaona sababu.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni la pasta

Weka programu ya kusoma joto. Kwenye Windows, HWiNFO au HWMonitor zinatosha. Kwenye Linux andika amri ya sensors. Ipe mashine kazi nzito, kisha angalia namba zinavyopanda.

Joto likiruka kutoka digrii 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache, chipu na shaba ya kipozeo hazigusani vizuri. Hapo ni pasta au pedi. Likipanda polepole kwa dakika kadhaa, na hewa inayotoka pembeni ni dhaifu, ni vumbi. Prosesa nyingi za Intel zinaanza kujipunguzia kasi zikikaribia digrii 100, na Ryzen nyingi kwenye 95, kwa hiyo ukiona 80 wakati wa kazi nzito kwenye laptopu nyembamba, usishtuke. Kumbuka pia sisi tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi, na feni inabeba joto pungufu kuliko inavyobeba kule. Namba unazoziona kwenye video za watu wa Ulaya hazitakuwa zako, hata ukinunua pasta ileile.

Hatua ya 2: Fungua bila kuharibu ushahidi

Zima, chomoa chaja, kisha chomoa waya wa betri kwenye ubao mama. Skrubu za kipozeo mara nyingi zina namba 1 hadi 4 zilizochongwa pembeni: unafungua kuanzia ya mwisho kurudi nyuma, kidogokidogo. Kama kipozeo kimeng'ang'ania, rudisha betri, washa mashine ipate joto kidogo, zima, chomoa betri tena, ujaribu upya. Kwenye kompyuta ya mezani ya AMD yenye soketi ya AM4 usivute juu kwa nguvu. Zungusha kidogo kulia na kushoto kwanza, la sivyo prosesa itang'oka na kipozeo na kupinda miguu.

Kabla ya kufuta chochote piga picha. Pedi ipi ilikuwa wapi, ipi nene, ipi nyembamba. Wengi hukimbilia kitambaa, halafu dakika kumi baadaye hawajui kipande kipi kilikaa juu ya memori.

Vumbi nalo litoke sasa. Fungua feni, utakuta kitu kama blanketi la nyuzi kati ya feni na mapezi ya kipozeo. Kitoe chote kizima. Ukipuliza, shikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke.

Hatua ya 3: Elewa pasta inafanya nini, kwa hesabu

Shaba tunaijua wenyewe, mji huu umejengwa juu yake. Inapitisha joto kwa kiwango cha karibu 400 W/mK. Hewa ni 0.026 tu. Uso wa chipu na uso wa shaba unaonekana laini kwa macho, lakini una mabonde madogo yaliyojaa hewa. Pasta inaingia humo kuitoa hewa. Kazi yake ni hiyo tu, na inaifanya vizuri ikiwa nyembamba.

Sasa chukua chipu ya sentimita moja ya mraba inayotoa wati 30, na tabaka la pasta la milimita 0.05. Pasta ya 5 W/mK itakugharimu digrii 3 kati ya chipu na shaba. Ya 10 W/mK itakugharimu digrii 1.5. Umelipa mara mbili au tatu ya bei kwa digrii moja na nusu! Na hapo tumeiamini namba ya pakiti, wakati watengenezaji hawaipimi wote kwa njia moja.

Geuza hesabu. Umeweka pedi nene mno, ikakinyanyua kipozeo kwa milimita 0.2. Tabaka la pasta sasa ni milimita 0.25. Kwa pasta ileile ya 5, zile digrii 3 zimekuwa 15. Kosa la pedi limemeza faida ya pasta yoyote iliyopo sokoni.

Hatua ya 4: Chagua pasta

Laptopu siyo kompyuta ya mezani. Chipu yake iko uchi, haina kifuniko cha chuma, na kila inapopata joto na kupoa inatanuka na kunywea. Pasta nyepesi inasukumwa pembeni taratibu, katikati panabaki pakavu. Kwa hiyo kwa laptopu tafuta pasta nzito, inayotoka kwenye bomba la sindano kwa shida kidogo. Arctic MX-6 ni nzito kuliko MX-4 na mimi huipendelea kwa sababu hiyo. MX-4 na Noctua NT-H1 ni nzuri sana kwa kompyuta ya mezani, na kwa laptopu ya ofisi zinatosha.

GD900, ile ya kijivu ya bei nafuu inayopatikana kila mahali, inaandikwa 4.8 W/mK. Siidharau. Kwa mashine ya mwanafunzi anayeandika TFC yake, ile kazi ya mwisho wa masomo, ni sawa kabisa, mradi mteja ajue atarudi mapema. Zile za pakiti ndogo nyeupe, HY410 na ndugu zake, ziache kwa redio na vipaza sauti.

Kama mashine ni ya kazi nzito, ya mpima migodi au mhariri wa video, chaguo langu ni karatasi ya Honeywell PTM7950. Siyo pasta. Ni karatasi nyembamba iliyo ngumu kwa kawaida, ikifika digrii 45 hivi inalainika na kujaza mabonde, ikipoa inakaa palepale. Haisukumwi pembeni kwa urahisi. Iweke kwenye friji dakika chache kabla ya kuibandua filamu, la sivyo inachanika. Kwa hiyo panga kazi na saa ambazo SNEL, shirika la umeme, imekupa umeme. Bandia zake ni nyingi, nunua kwa mtu anayekubali kuulizwa maswali.

Metali ya majimaji usiiguse kama hujazoea. Ina galiamu inayokula aluminiamu, na tone likianguka kwenye ubao linaunganisha umeme. Dawa ya meno na margarini, ambazo bado kuna watu wanazishauri, zinakauka au kuyeyuka na kukuachia uchafu.

Mzigo wetu mwingi unapita mpaka wa Kasumbalesa, na pasta inaweza kukaa ndani ya lori juani muda mrefu. Ukibonyeza bomba likatoa mafuta kwanza na rojo baadaye, viungo vimeshatengana. Rudisha dukani.

Hatua ya 5: Pedi, hapa ndipo penye kazi

Pedi zinakaa juu ya memori ya kadi ya michoro, mosifeti (vipande vinavyodhibiti umeme) na wakati mwingine SSD (diski). Unene wa kawaida dukani ni milimita 0.5, 1, 1.5 na 2. Pima pedi ya zamani kwa kalipa, lakini siyo katikati ambapo imebanwa: pima ukingo uliobaki nje ya chipu. Katikati ikisoma 0.8 na ukingoni 1, unahitaji ya 1.

Ulaini una uzito kuliko W/mK. Chipu moja ya memori inatoa wati chache tu. Pedi ya 6 na pedi ya 12 zitatofautiana digrii moja hivi. Lakini pedi ngumu ya 12 haikubali kubanwa, inakinyanyua kipozeo, na prosesa ndiyo inayolipa. Minya kwa kidole: ikikaa kama raba ya kufutia, iache.

Ukishindwa kupata unene sahihi, tumia kinamo cha joto, kinachokandika kama bukari (ugali) na kujipimia unene chenyewe kikibanwa. Usibandike pedi mbili moja juu ya nyingine isipokuwa umekosa njia kabisa.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kufunga

Safisha chipu na shaba kwa alikoli ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji; ukiitumia, subiri ikauke kabisa. Petroli hapana.

Toa filamu pande zote mbili za pedi, weka pasta, funga skrubu kwa mshazari kwa kufuata namba, kisha, kabla ya kuwasha, fungua tena. Ndiyo, fungua. Pasta iwe imeenea chipu nzima kwa tabaka jembamba mpaka ukaribie kuona rangi ya chipu. Kwenye pedi utafute alama: kona nne za chipu ziwe zimezama, na ukiinamisha kwenye mwanga uone herufi za chipu zimejichapa juu yake. Pedi isiyo na alama haikugusa. Pedi zenye alama za kina na pasta nene katikati maana yake pedi ni nene mno.

Ukiridhika, futa, paka pasta mpya na ufunge kabisa. Chipu ya laptopu iko uchi, hivyo isambaze yote. Nukta moja katikati inaweza kuacha kona kavu. Karatasi ya PTM usiibandike hadi jaribio hili lipite, jaribu kwanza kwa pasta ya bei rahisi.

Hatua ya 7: Soma joto tena

Rudia kazi ileile ya hatua ya 1, chumba kilekile, laptopu juu ya meza na siyo juu ya godoro. PTM ipe mizunguko kadhaa ya kupata joto na kupoa kabla ya kuihukumu. Joto la prosesa likiwa zuri huku kadi ya michoro inaruka, usinunue pasta nyingine. Fungua na uziangalie alama kwenye pedi za upande huo.