Somo: Friji haili gesi. Kagua haya kabla hujakubali "kujaziwa"

Neno "gesi imeisha" limekula hela nyingi za watu Arusha na Moshi. Gesi ya friji haitumiki kama ya jiko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyochomelewa, kiasi kile kile tangu kiwandani hadi friji ife. Ikipungua, pametoboka mahali, na kuongeza bila kuziba tundu ni kuteka maji kwa tenga. Ndiyo maana humu gesi imewekwa mwisho kabisa.

Andaa themometa ndogo ya friji, tochi, brashi laini, bisibisi ya nyota, na kwa anayejua kuitumia, mita ya kupimia umeme. Kabla hujagusa nyuma ya friji chomoa plagi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, nyumba nyingi zimefungwa waya kinyume na moto, yaani umeme, unabaki ndani hata swichi ikiwa imezimwa.

HATUA YA 1: Pima, usikisie

Weka glasi ya maji kwenye rafu ya katikati, tumbukiza themometa, acha usiku kucha. Isome asubuhi kabla mtu hajafungua mlango. Inatakiwa nyuzi 3 hadi 5. Kwenye friza, ibane themometa kati ya vitu viwili vilivyoganda. Itafute nyuzi 18 chini ya sifuri.

Namba za themostati, kile kitufe cha kuchagua baridi, si nyuzi. 1 ni baridi kidogo, 7 ni baridi kali. Themostati ya kuzungusha ina kamrija kenye gesi kanachosukumana na hewa ya nje, na hewa ya Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Dar. Matokeo yake friji huzima ikiwa imeshapoa zaidi ya ilivyokusudiwa. Friji iliyohamishwa kutoka pwani ikaanza kugandisha mchicha haijaharibika. Shusha namba moja, subiri siku nzima, pima tena.

HATUA YA 2: Mahali ilipo

Sentimita 10 nyuma, 5 kila upande, mbali na jiko na dirisha la jua. Miguu ya mbele iinuke kidogo kuliko ya nyuma ili mlango ujirudi wenyewe. Ikisafirishwa imelazwa, isimamishe saa 24 kabla ya kuwasha, mafuta yarudi kwenye kompresa, ile pampu ya gesi iliyo nyuma chini.

HATUA YA 3: Vumbi

Ule wavu mweusi wa nyuma ndio unaotoa nje joto lililotolewa ndani. Ukivikwa vumbi, kompresa inafanya kazi mara mbili kwa baridi ile ile. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi piga brashi kila miezi mitatu, kuanzia juu kushuka chini. Friji mpya nyingi hazina wavu. Mabomba yamefichwa kwenye kuta, na ubavu kuwa wa moto ni kawaida yake. Usiegemeze magunia hapo.

HATUA YA 4: Raba ya mlango

Bana noti ya shilingi elfu moja kati ya raba na bodi, funga, vuta. Ikitoka bila kukaza, hapo panavuja. Rudia kila sentimita 10 kuzunguka mlango wote, na usiruke pembe za chini upande wa bawaba. Mara nyingi dawa ni maji ya uvuguvugu na sabuni tu, maana maziwa na mchuzi vikigandia kwenye mikunjo raba hailali. Iliyokunjamana ikande kwa kitambaa cha maji ya moto hadi ilainike, kisha funga mlango na uubane kwa saa kadhaa. Mafuta ya taa usiyaguse, yanaozesha raba.

Hesabu yake ni hii. Kompresa ya wati 120 ikifanya kazi saa 12 kwa siku inakula uniti 1.44, kama 43 kwa mwezi. Raba ikivuja ikalazimika kukimbia saa 20, zinakuwa 72. Aliye kwenye daraja la D1 la TANESCO, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, ameshamaliza karibu zote kwa friji peke yake, taa na pasi bado.

HATUA YA 5: Barafu na maji

Friji ya kuyeyushwa kwa mkono: barafu ikifika unene wa milimita 5, zima. Weka bakuli la maji ya moto ndani, acha mlango wazi. Kisu ni mwiko. Sahani ya baridi ni alumini nyembamba, na ncha moja ya kisu inatoboa njia ya gesi mahali pasipochomeleka kirahisi.

Maji yakituama chini ya droo za mboga, kishimo cha ukuta wa nyuma kimeziba. Kizibue kwa mrija wa soda, kisha mimina nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu. Yakitokea kwenye kibakuli kilicho juu ya kompresa, umemaliza. Kioshe na chenyewe, ile harufu isiyoeleweka huwa inatoka humo.

HATUA YA 6: Umeme

Hapa ndipo friji nyingi zinapofia, kwa hiyo tusikimbie.

Dalili: kompresa inaguna sekunde chache, unasikia "tik", kimya, baada ya dakika chache inarudia. Taa ya ndani inawaka vizuri. Hiyo si gesi. Kompresa inashindwa kuanza na kinga yake inaikata isiungue.

Anza na soketi. Pima volti wakati kompresa inajaribu kuanza, siyo ikiwa imelala. Umeme wetu ni volti 230. Ikishuka chini ya 200, lawama iko kwenye laini au kwenye waya mwembamba wa ekstensheni. Friji ichomekwe ukutani moja kwa moja.

Volti zikiwa nzuri, chomoa plagi, fungua kifuniko kidogo ubavuni mwa kompresa, toa relei, yaani kifaa cha kuianzishia. Nyingi siku hizi ni kiboksi chenye kidonge ndani. Kitikise: kikilia kama njugu, kidonge kimepasuka. Badilisha kwa chenye namba ile ile.

Relei ikiwa nje, kompresa inaonyesha pini tatu. Pima ukinzani wa kila jozi. Kipimo kikubwa kinatakiwa kiwe jumla ya viwili vidogo, mfano omu 12, 18 na 30. Jozi isiyosoma kitu ina waya uliokatika ndani. Kisha pima kila pini na chuma tupu cha kompresa: mita isisome chochote. Ikisoma, kompresa imekufa, na friji hiyo isiguswe na mtoto.

Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, gesi bado ina msukumo mkubwa upande mmoja, na kompresa inalazimishwa kuanza ikiwa imebanwa. Inahitaji dakika 5 za kupumzika. Ukiwa nyumbani, chomoa mara tu umeme unapokatika.

HATUA YA 7: Friji isiyoota barafu

Hizi zina feni ndani na hita inayoyeyusha barafu mara chache kwa siku. Dalili ya ugonjwa wake: friza bado inagandisha, chini kuna joto. Barafu imejaa nyuma ya paneli ya friza na imeziba njia ya hewa. Jaribio lake halina gharama: zima, acha milango wazi saa 24, washa. Ikifanya kazi vizuri siku kadhaa kisha ikarudia, gesi ni nzima. Kagua hita, fyuzi ya joto na saa ya kuyeyushia. Hita ya wati 150 inasoma karibu omu 350.

HATUA YA 8: Sasa gesi

Kompresa inakimbia bila kupumzika, wavu wa nyuma hauna joto, na barafu inashika kipande kidogo tu mwanzoni mwa sahani ya baridi. Hapo gesi imepungua. Lakini ikipoa vizuri, ikakata, ukizima ikayeyuka inapoa tena, kuna unyevu unaoganda kwenye mrija mwembamba. Gesi ipo.

Mdai fundi mambo manne: atafute tundu na kulichomelea, abadilishe filta, avute hewa kwa pampu angalau nusu saa, apime gesi kwa mizani kufuata stika. Gesi aina ya R600a huwa ni gramu 40 hadi 70 hivi, na gramu 10 za ziada zinaharibu kazi. Anayejaza kwa kupapasa bomba anabahatisha.

MASWALI

Sakina, Arusha: Fundi habari. Kila Juni na Julai nyama ya friza inalainika, lakini chini maziwa yako sawa. Nimeambiwa gesi. Agosti ikiisha inapona yenyewe!

Jibu: Gesi haiendi likizo ikarudi. Friji yako ina themostati moja, na inasikiliza chini tu. Jikoni pakifika nyuzi 15 usiku, chini kunapoa kwa baridi ya nyumba, kompresa haiitwi, friza inaachwa. Soma stika ndani ya friji: SN imetengenezwa kwa chumba cha nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST 16 hadi 38, T 16 hadi 43. Yako bila shaka ni ST au T. Panda namba moja au mbili miezi hiyo, au ihamishie chumba chenye joto. Baadhi zina swichi ndogo ya msimu wa baridi karibu na taa, iwashe.

Pasua, Moshi: Shikamoo mwalimu. Nikishika mlango nikiwa peku, inaning'ata. Nikivaa ndala hainifanyi kitu.

Jibu: Marahaba mwanangu. Ichomoe leo, usiendelee na ndala. Kuna moto unaovuja, kwa kompresa au hita, na waya wa ethi wa nyumba, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, haufanyi kazi. Ni matatizo mawili. Ukitengeneza moja, lingine litasubiri pasi au jagi la umeme. Tafuta fundi umeme wa nyumba kwanza.

Kiboriloni, Moshi: Desemba ndugu wakija tunajaza kreti mbili za bia, nyama na sufuria la mtori. Friji haizimi hadi mwaka mpya. Niweke namba 7?

Jibu: Hapana. Ukiweka 7 kwenye joto la Desemba, kompresa haipati nafasi ya kuzima, na sahani inaota barafu inayozuia baridi yenyewe. Kaa 4. Mtori upoe kwanza kwenye beseni la maji. Bia iingie kwa awamu, chupa sita sita, na nafasi ya kidole iachwe kati ya vitu.

Njiro, Arusha: Nichukue stebilaiza au kile kifaa cha kulinda friji kinachochomekwa kwenye soketi?

Jibu: Umeme wako ukiwa wa kukatika-katika, kilinda friji kinatosha, mradi kinachelewesha dakika 3 hadi 5 kabla ya kuruhusu umeme. Volti zikiwa chini kila jioni, kilinda friji kitaizima tu na chakula kitaharibika. Hapo stebilaiza, walau VA 1,000, maana kuanza kwa kompresa kunavuta mara kadhaa ya wati za kawaida. Umeme ukikatika usifungue mlango: chini chakula kinavumilia kama saa 4, friza iliyojaa siku mbili.

Rau, Moshi: Ya kwangu ni mtumba kutoka Ulaya, stika inasema R600a. Fundi anataka kuweka R134a kwa kuwa ndiyo aliyonayo.

Jibu: Mkatalie. Kompresa ya R600a ina tumbo kubwa karibu mara mbili. Ukiipa R134a inabeba mzigo usio wake na koili zinaungua. Mafuta yake pia kwa kawaida hayapatani na gesi hiyo. Tena R600a inashika moto: asichomelee bomba kabla gesi yote haijatoka nje, na kazi ifanyike uani, siyo jikoni karibu na mtungi.