Jinsi ya Kusimulia kwa Kiswahili Maisha ya Mtu Aliyeishi kwa Sura ya Jinsia Nyingine

Kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi mdogo ulioko komini ya Kadutu hapa Bukavu, wanafunzi wa sekondari pamoja na walimu wachache hukutana, na mmoja wao husimulia kwa Kiswahili maisha ya mtu wa zamani ambaye amemsoma kwa Kifaransa. Siku moja kijana mmoja alituletea habari za Jeanne Baret, Mfaransa aliyeondoka kwao kwa merikebu akiwa amevaa kama mtumishi wa kiume. Kijana alikuwa amejitayarisha vizuri, lakini katika kutafsiri alimwita "bwana yule" mwanzoni na "mama yule" katikati, bila kutueleza ni nini kilichotokea kati ya majina hayo mawili, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilihuzunika, kwa sababu mtu aliyevumilia safari ya kuizunguka dunia aligeuzwa kichekesho na maneno mawili yaliyowekwa mahali pasipofaa. Utaratibu ninaoueleza hapa nimeuandika kwa ajili ya kijana yule na kwa ajili ya kila atakayependa kusimulia maisha ya namna hii.

Hakikisha kwanza kwamba alijificha

Si kila aliyevaa mavazi ya jinsia nyingine aliishi kwa siri. Hatshepsut, aliyetawala Misri katika karne ya 15 kabla ya Kristo, alichongwa kwenye sanamu akiwa na ndevu za kifalme, lakini maandishi ya utawala wake yanaendelea kumtaja mara nyingi kwa maumbo ya kike. Ndevu zile zilikuwa alama ya cheo, wala hazikuwa kificho. Karibu zaidi nasi, Nzinga wa Ndongo na Matamba, aliyefariki mwaka 1663 katika nchi ambayo leo ni Angola, alijitwalia cheo cha mfalme na nyakati nyingine alivaa kama mwanamume, huku watu wake wakijua vema kwamba ni mwanamke. Jeanne d'Arc naye alivaa mavazi ya kiume mbele ya jeshi zima la Ufaransa, na kila askari alijua kwamba anamfuata msichana. Maisha ya watu hao yanastahili kusimuliwa, ila ukiwachanganya na waliojificha utalipoteza swali lenyewe, yaani ilikuwaje mtu akaishi miaka mingi miongoni mwa watu wasiojua. Kwa hiyo, kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, andika pembeni mwa kaye yako ni nani aliyejua, na alijua tangu lini.

Neno "yeye" na mipaka yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo tunapokosea zaidi, na ndipo pia lugha yetu inapotusaidia kuliko lugha tunayoisomea shuleni. Mwandishi wa Kifaransa hawezi kumaliza mistari miwili bila kuchagua kati ya *il* na *elle*, na akishachagua, amekwisha kutoa hukumu. Kirusi humbana msemaji hata katika kitenzi cha wakati uliopita, ambacho hubadilika kufuatana na jinsia. Nadezhda Durova, aliyetoroka nyumbani mwaka 1806 akajiunga na wapanda farasi wa Urusi, alipewa na mfalme Aleksandr wa Kwanza ruhusa ya kuendelea kutumika kama afisa kwa jina la Aleksandrov, na hata alipostaafu aliendelea kujisema kwa maumbo ya kiume, ingawa kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1836 aliziandika kwa maumbo ya kike. Mfasiri wa Kifaransa atahangaika na jambo hilo kutoka ukurasa hadi ukurasa. Wewe utaandika "alitoroka, akapigana, akastaafu", na hakuna atakayesema kwamba umemwongezea au umempunguzia kitu.

Itumie nafasi hiyo. Katika sehemu ya kwanza ya masimulizi, liache kiambishi "a-" libebe mtu wako mpaka msikilizaji amjue kwa kazi yake, kwa ukali wake au kwa upole wake. Hata hivyo, usidhani kwamba Kiswahili hakina mitego. Mtego mkubwa ni ndoa. Kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na herufi chache hizo zinatosha kufichua kila kitu. Mwanamuziki wa jazi Billy Tipton, aliyezaliwa Marekani mwaka 1914 akapewa jina la Dorothy, aliishi na wanawake kadhaa kama mume na akalea watoto wa kupanga. Siri ilijulikana alipofariki mwaka 1989. Ukisema "alioa", umesimama upande wa maisha aliyoyaishi, na ukisema "aliolewa", umesema jambo ambalo halikutokea kamwe. Ukiona kwamba hujafika mahali pa kuamua, sema "walifunga ndoa" au "waliishi pamoja", ambayo ni maneno safi yasiyompendelea yeyote. Fanya vivyo hivyo kwa "kaka" na "dada", ambapo "ndugu" litakutosha, na kwa "baba" na "mama", ambapo "mzazi" litakuvusha.

Mtego wa pili ni kitenzi "kujifanya". Wanafunzi wangu hulitumia upesi: alijifanya mwanamume, alijifanya mwanamke. Sikilizeni namna sisi wenyewe tunavyolitumia nyumbani: mtu anajifanya mgonjwa ili asiende shamba, anajifanya tajiri huku ana madeni. Neno hilo limebeba udanganyifu ndani yake. Kwa askari aliyevaa sare kwa miezi michache linaweza kufaa, lakini kwa mtu aliyeishi hivyo kwa miaka 50, akazeeka na kufa hivyo, napendelea "aliishi kama", "alijitambulisha kama" au "alijulikana kama". Kwa sababu hiyo hiyo usiandike "aliumbuliwa" pale ambapo ukweli ni kwamba "alijulikana". Kuumbuliwa ni aibu, na aibu hiyo huenda ni yako wewe unayesimulia.

Kuhusu jina, kanuni yangu ni kulitumia jina ambalo mtu alilitumia katika kipindi unachokieleza, kisha kutaja jina la kuzaliwa mara moja, mahali ambapo habari inalihitaji.

Anza na kazi, usianze na kitanda cha mauti

Habari nyingi za namna hii huanza na maiti: mtu amekufa, mwosha maiti anashtuka, halafu ndipo maisha yanasimuliwa kinyumenyume. Nakusihi usifuate njia hiyo, kwa sababu inaufanya mwili uwe habari yote na maisha yawe maelezo ya chini. Chukua mfano wa daktari James Barry. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1812, akaingia jeshi la Uingereza mwaka uliofuata, na mwaka 1816 alifika Cape Town, ambako alipigania maji safi ya mji na hali bora kwa wafungwa na wenye ukoma. Mwaka 1826 alimpasua mama mjamzito ili kumtoa mtoto, na wote wawili, mama na mtoto, wakapona, jambo lililokuwa adimu mno wakati ambapo dawa ya kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji ilikuwa haijapatikana. Mtoto yule alipewa jina la daktari. Barry alikuwa mgomvi, aligombana hata na muuguzi mashuhuri Florence Nightingale wakati wa vita vya Crimea, na alipanda cheo hadi kuwa Mkaguzi Mkuu wa Hospitali.

Msikilizaji wa Bukavu akishayasikia hayo, hasa mama ambaye yeye mwenyewe amepasuliwa wakati wa kujifungua, hatacheka tena utakapomwambia kwamba daktari huyo alizaliwa Ireland kama msichana aitwaye Margaret Bulkley, na kwamba jina la James Barry lilikuwa la mjomba wake, mchoraji aliyefariki mwaka 1806. Chuo kikuu hakikupokea wanawake wakati ule. Atakuwa amekwisha kumheshimu daktari kabla ya kuisikia siri.

Wasikilize mashahidi mmoja mmoja

Baada ya hapo, uliza habari imetoka kwa nani. Kuhusu Barry, aliyefariki London mwaka 1865, aliyesema ni mtumishi Sophia Bishop, aliyeuandaa mwili kwa maziko. Daktari McKinnon, aliyeandika cheti cha kifo, alijibu alipoulizwa kwamba halikuwa jambo lake kujua kama Barry alikuwa mwanamume au mwanamke. Ushahidi ninaouthamini zaidi ni mdogo na mkimya: barua ya mwaka 1809, ambayo kijana Barry alimwandikia wakili wa familia, na ambayo wakili aliandika nyuma yake kwamba imetoka kwa Bi Bulkley. Katika masimulizi yako, mpe kila shahidi sentensi yake, na useme wazi ni nani aliyeona kwa macho na ni nani aliyesikia tu.

Kwa Jeanne Baret, mashahidi hawapatani. Alisafiri katika msafara wa nahodha Mfaransa Bougainville akiwa msaidizi wa mtaalamu wa mimea Philibert Commerson, wakati ambapo amri ya kifalme ilikataza wanawake katika merikebu za jeshi. Bougainville aliandika kwamba watu wa Tahiti ndio waliomtambua mara tu alipokanyaga nchi, mwaka 1768. Daktari wa merikebu, Vivès, aliandika kwamba mabaharia walikuwa na shaka tangu mapema. Weka habari zote mbili mbele ya wasikilizaji, na uwakumbushe kwamba nahodha alikuwa na sababu ya kuonyesha kwamba hakujua.

Usikimbilie sababu

Swali la kwanza la ukumbi huwa ni "kwa nini?", na jibu linalotolewa upesi ni umaskini au mapenzi. Nyakati nyingine sababu iko wazi. Sisa Abu Daooh wa Luxor, nchini Misri, alifiwa na mume akiwa mjamzito, akavaa kanzu na kilemba vya kiume ili apate kazi ya kufyatua matofali na kung'arisha viatu, akaishi hivyo kwa miaka 43, na mwaka 2015 serikali ikamtunuku kama mama aliyejitoa kwa mtoto wake. Kwa wengine sababu haifungwi kwa neno moja. Chevalier d'Éon, jasusi wa mfalme wa Ufaransa, aliishi miaka 49 kama mwanamume na miaka 33 kama mwanamke. Watu wa London walicheza kamari juu ya jinsia yake, naye mfalme Louis wa 16 alimwamuru mwaka 1777 avae mavazi ya kike. Alipofariki mwaka 1810, madaktari walishuhudia kwamba mwili wake ulikuwa wa kiume. Ukisema alifanya hivyo kwa ajili ya ujasusi tu, utashindwa kueleza miaka 33 ya mwisho.

Zaidi ya yote soma alichofanya mtu baada ya sababu ya kwanza kwisha. Albert Cashier, aliyezaliwa Ireland kwa jina la Jennie Hodgers, aliandikishwa katika kikosi cha 95 cha Illinois mwaka 1862 na akapigana hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865. Vita vilikwisha, lakini aliendelea kuwa Albert kwa karibu miaka 50 mingine, akifanya kazi za vibarua katika kijiji cha Saunemin. Mwaka 1914, akiwa mzee, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ambako alilazimishwa kuvaa sketi. Askari wenzake wa zamani walipoulizwa, walithibitisha kwamba huyo ndiye aliyepigana pamoja nao, na pensheni yake ikabaki. Alizikwa mwaka 1915 akiwa amevaa sare yake. Nimeisimulia habari hii mara nyingi, na kila mara ukumbi hunyamaza kwenye sketi.

Jiandae kwa maswali

Katika mji wetu hakika mtu atasimama na kutaja Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 5, inayomkataza mwanamke kuvaa mavazi ya mwanamume. Mpokee kwa heshima. Mwambie kwamba swali hilo hilo liliwekwa mbele ya waliomhukumu Jeanne d'Arc, aliyechomwa moto Rouen mwaka 1431. Kwamba hukumu ile ilibatilishwa mwaka 1456. Na kwamba Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1920. Kisha waache wazee wajadiliane.

Mwingine ataanza kuuliza kuhusu jirani fulani wa Kadutu au wa Bagira. Hapo funga mlango mara moja na bila kusitasita, kwa kuwa tunasimulia watu waliokufa au waliokubali wenyewe kujulikana, na kumtaja mtu aliye hai aliyekaa kimya kunaweza kumletea madhara ambayo hakuna mkutano utakaoyarudisha nyuma.

Panga dakika 20 za kusimulia na dakika 20 za maswali, na usome maandishi yako kwa sauti nyumbani mara mbili, ukitega sikio kwa kila "bwana", "mama", "alioa" na "aliolewa". Ikiwa umemchagua Baret, kata tawi la bogenvilia kwenye ua wowote hapa mjini, kwani ua hilo lilikusanywa Rio de Janeiro mwaka 1767 katika safari ile ile, wakati Commerson alikuwa na kidonda cha mguu na msaidizi wake ndiye aliyebeba mizigo. Liweke mezani kabla hujaanza, na usilieleze mpaka utakapofika Rio.